Ndoto za Alinacha Hazipasishi Mtihani

KILA muhula wa tatu unapowadia, shule zetu nyingi huandaa siku ya maombi na nasaha kwa watahiniwa. Ni desturi njema, na sina azma ya kuikejeli. Wazazi hufika kwa wingi, viongozi wa dini huombea kalamu na rula, nao walimu husimama kando wakiwatazama vijana waliowalea kwa miaka minne. Lakini amezuka mgeni mwingine katika hafla hizo, naye ni mhamasishaji. Huyu huja amevaa suti maridadi, hushika kipaza sauti na kuwaamuru wanafunzi wafumbe macho. Huwaambia waione alama ya A ikiwa imeandikwa mbele ya majina yao, wajione wakibebwa juu kwa juu na jamaa zao, na waamini kwamba jambo hilo limekwisha kuwa. Ukumbi hulipuka kwa vifijo na nderemo. Kisha mgeni hupokea bahasha yake, huingia garini na kwenda zake. Kesho yake asubuhi mwalimu wa hisabati huwakuta vijana wale wale na milinganyo ile ile ambayo haijatatuliwa.

Swali ninalotaka tulijadili leo, mpenzi msomaji, ni hili: je, fikira za mtu zina uwezo wa kuyaunda maisha yake? Mimi nasema naam, zinao. Mtu asiyeweza kuiona kesho yake akilini hana sababu ya kuamka mapema leo. Hata hivyo, kuna kuwaza kunakomwamsha mtu, na kuna kuwaza kunakombembeleza alale. Hofu yangu ni kwamba tunawafunza watoto wetu huku kwa pili, huku tukidhani tunawafunza kule kwa kwanza.

Mafunzo haya si mageni wala hayakuzaliwa humu nchini. Mwaka wa 1937, Mmarekani Napoleon Hill alichapisha kitabu kiitwacho Think and Grow Rich, wakati ambapo nchi yake ilikuwa ingali katika mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka wa 1952, Norman Vincent Peale, mchungaji wa kanisa moja jijini New York, akafuata na The Power of Positive Thinking. Mwaka wa 2006 naye Rhonda Byrne wa Australia akatoa The Secret, kwanza filamu kisha kitabu, akidai kwamba mtu huvuta kwake kila anachokiwaza kwa dhati. Vitabu hivi vimeuzwa kwa mamilioni duniani. Hata hapa Nairobi utavikuta vimetandazwa kando ya barabara na wauzaji wa vitabu vya mitumba, na ni nadra kumkosa kijana aliyechutama hapo akivipekua. Simlaumu kijana huyo. Anatafuta mlango, na mtu anayetafuta mlango hawezi kuambiwa kwamba kutafuta ni upumbavu.

Lakini sisi wasemaji wa Kiswahili tulikwisha kuonywa zamani. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuandika insha amekutana na usemi "ndoto za alinacha". Ni wachache, hata hivyo, wanaomjua Alinacha mwenyewe. Yeye ni mmoja wa ndugu za kinyozi katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Baba yao alipofariki, kila ndugu alirithi dirhamu 100. Alinacha akazitoa zake zote kununua vyombo vya kioo, akavipanga katika sinia kubwa, akaketi mahali akiegemea ukuta, akangoja wanunuzi. Akaanza kuwaza. Vyombo vile angeviuza kwa dirhamu 200, akanunua vingine, akauza kwa 400, na kuendelea hivyo hadi awe tajiri wa kupigiwa mfano. Hapo angemposa binti wa waziri. Siku ya harusi angekaa kwa maringo, asimtazame bibi harusi hata kidogo. Bibi harusi angemsogelea kwa unyenyekevu, naye angemsukuma kwa mguu. Alipofika hapo katika mawazo yake, aliurusha mguu kweli kweli. Sinia ikapinduka na vyombo vyote vikawa vigae.

Tumezoea kucheka tunaposimuliwa kisa hiki, ila hatukichambui ipasavyo. Hesabu za Alinacha hazikuwa na kasoro kubwa. Kununua kwa bei nafuu na kuuza kwa faida ndiyo biashara yenyewe. Hitilafu ni kwamba aliiruka safari yote akatua kwenye sherehe. Hakujiuliza mnunuzi wa kwanza atatoka wapi. Hakujiuliza angefanya nini iwapo jirani yake sokoni angeuza vyombo vile vile kwa bei ya chini. Wala hakuona kwamba sinia yenyewe ilikuwa imewekwa karibu mno na mguu wake. Fauka ya hayo, alisahau kwamba zile dirhamu 100 hakuzitolea jasho bali aliachiwa na babake. Mtu asiyekumbuka alichopewa ndiye aliye mwepesi wa kukipiga teke.

Wataalamu wa saikolojia wamelipima jambo hili kwa vipimo vya kisasa, na walichokigundua kinaafikiana na kisa hicho cha kale. Mwaka wa 1999, Lien Pham na Shelley Taylor walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, waliokuwa wakikabiliwa na mtihani. Kundi moja lilitakiwa kutenga dakika chache kila siku na kujenga taswira ya furaha ya kupata alama nzuri. Kundi jingine lilitakiwa kujiona likisoma: lini, wapi na kwa namna gani. Matokeo yalikuwa bayana. Waliojiona wakisoma walianza maandalizi mapema, walisoma kwa saa nyingi zaidi na kupata alama bora kuliko waliojiona wakishangilia.

Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka wa 2002, Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha tafiti nyingine, na mmojawapo uliwafuata wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi. Baada ya miaka miwili, ilibainika kwamba wale waliokuwa na njozi tamu zaidi kuhusu kazi walikuwa wametuma maombi machache zaidi, wamepata nafasi chache zaidi za ajira, na mishahara yao ilikuwa midogo zaidi. Mwaka wa 2011, Oettingen na Heather Kappes wakaeleza sababu mojawapo: njozi tamu humpunguzia mtu nguvu za kutenda. Anapoionja raha ya ushindi akilini, mwili wake hulegea kana kwamba kazi imekwisha. Ni kama mtu aliyenusa pilau ya jirani akajihisi ameshiba, kisha usiku wa manane njaa ikamwamsha.

Hapa yafaa tuwe waangalifu, tusije tukatupa nafaka pamoja na makapi. Utafiti ule wa 2002 ulitofautisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya, yaani njozi na matarajio. Njozi ni kujiona juu ya kilele bila kujali umefikaje. Matarajio ni imani kwamba unaweza, na imani hiyo hutokana na yale uliyokwisha kuyafanya. Waliokuwa na matarajio mema walifanikiwa zaidi, ilhali waliokuwa na njozi tamu walibaki nyuma. Tangu mwaka wa 1977, mwanasaikolojia Albert Bandura alikuwa ameeleza kwamba chemchemi kubwa ya mtu kujiamini ni kule kufaulu kwake mwenyewe katika kazi. Maneno matamu ya mtu mwingine hayalifikii hilo kwa nguvu. Mwalimu na alizingatie hili. Kumpa mwanafunzi dhaifu hesabu tano anazoweza kuzifanya, kisha tano zilizo ngumu kidogo, kunamjengea matumaini kuliko hotuba ya saa nzima ukumbini.

Wapo watakaoniuliza: mbona basi wanariadha wetu husifiwa kwa kuuona ushindi kabla haujafika? Swali hili ni zuri, na jibu lake linapatikana kwa Julius Yego, kijana wa Nandi. Katika eneo linalosifika kwa wakimbiaji, Yego aliupenda mkuki. Makocha wa mchezo huo walikuwa adimu, na vifaa vilikuwa haba. Alichokifanya ni kuingia katika mikahawa ya intaneti na kutazama kanda za video za magwiji wa mkuki, miongoni mwao Jan Železný wa Ucheki na Andreas Thorkildsen wa Norwe. Aliyatazama mazoezi yao na jinsi walivyourusha mkuki. Kisha alitoka, akaenda uwanjani, akajaribu yale aliyoyaona. Mwaka wa 2011 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Maputo. Baadaye alipata nafasi ya kufunzwa nchini Finland. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2015, jijini Beijing, aliurusha mkuki umbali wa mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata akanyakua medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio.

Hiyo ndiyo taswira ninayoitetea. Yego hakuketi mbele ya kompyuta akijitazama akivishwa medali. Aliyoyatazama ni mazoezi na ufundi, na kilichofuata kutazama kilikuwa ni kutenda. Naye Eliud Kipchoge alipojaribu kukimbia marathoni kwa muda usiozidi saa mbili huko Monza, Italia, mwezi wa Mei mwaka wa 2017, alizidisha sekunde 25. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, alikimbia kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Baina ya siku hizo mbili imani yake haikutetereka, lakini mengine mengi yalirekebishwa. Mpangilio wa wanariadha waliomkinga upepo ulibuniwa upya, barabara ilichaguliwa kwa makini, na watazamaji wakaruhusiwa kujipanga kando yake ili wampe moyo. Kipchoge mwenyewe anajulikana kwa kuandika mazoezi yake daftarini mwaka baada ya mwaka. Imani yake ina kumbukumbu zilizoandikwa.

Wahenga waliponena kwamba penye nia pana njia, hawakusema kwamba nia yenyewe ndiyo njia. Nia humwonyesha mtu kwamba njia ipo. Kuitembea ni kazi ya miguu yake.

Je, mwalimu anaweza kuwafunza wanafunzi kuwaza kwa namna hii? Anaweza, tena bila gharama. Oettingen, akishirikiana na Peter Gollwitzer na wenzao, ameeleza utaratibu wenye hatua nne. Kwanza, mwanafunzi ataje jambo moja analolitaka, lililo gumu lakini linalowezekana. Pili, alione tunda lake akilini kwa muda mfupi. Tatu, na hapa ndipo penye uzito, ajiulize kizuizi kikuu kilichomo ndani yake mwenyewe ni kipi. Nne, aandike mpango wa sentensi moja: jambo fulani likitokea, nitatenda hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 kuhusu wanafunzi wa shule za upili nchini Marekani, waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani mmoja wa kitaifa, ulionyesha kwamba waliofunzwa utaratibu huu walikamilisha maswali ya mazoezi kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko wenzao.

Natoa mfano. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anataka kuinua alama zake za hisabati kutoka D hadi C. Anaiona ripoti yake na uso wa mamake akiisoma. Kisha anajiuliza: ni nini hasa kinachonizuia? Akiwa mkweli, atakiri kwamba wakati wa masomo ya jioni yeye huanza na somo analolipenda, na ifikapo zamu ya hisabati usingizi umekwisha kumlemea. Basi anaandika: "Kengele ya masomo ya jioni ikilia, nitafungua daftari la hisabati kwanza na kufanya hesabu tatu kabla ya kugusa kitabu kingine." Sentensi hiyo haina mbwembwe. Hakuna atakayeipigia makofi ukumbini. Lakini inamwambia mtoto mkono wake ushike nini na saa ngapi.

Nageukia sasa shukrani, ambayo wahamasishaji huitaja sana na kuifafanua kidogo. Mwaka wa 2003, Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha tafiti zao. Katika mmojawapo, wanafunzi wa chuo kikuu waliandika mara moja kwa juma kwa muda wa majuma kumi. Kundi moja liliandika mambo yaliyowafanya washukuru, kundi la pili likaandika kero, na la tatu likaandika matukio ya kawaida. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi na kulitazama juma lililofuata kwa matumaini kuliko walioandika kero. Utafiti wa mwaka wa 2008 uliowahusu wanafunzi wadogo ulionyesha kwamba waliohesabu neema zao kwa majuma mawili waliridhika zaidi na shule yao. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba manufaa haya ni ya kiasi tu. Shukrani si dawa ya kila ndwele. Lakini jambo dogo linalofaa na lisilogharimu hata senti halistahili kubezwa.

Mimi naiona shukrani kuwa aina ya hesabu. Mtu anayeshukuru huhesabu kilichomo katika sinia yake kabla ya kuamua atakifanyia nini. Mwanafunzi anayekumbuka kwamba dada yake aliacha shule ili yeye asome, kwamba mwalimu wake wa kemia hubaki darasani baada ya kengele, na kwamba kitabu anachokitumia kiliazimwa kutoka kwa jirani, hupata kitu ambacho ndoto ya A haiwezi kumpa. Anajua kwamba hakuanza na sifuri. Wahenga walituasa tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Nami naongeza kwamba baharia anayekumbuka nani alimfunza kufunga tanga ndiye atakayeweza kumfunza mwingine.

Hata hivyo, yapo madhara mawili ambayo sina budi kuyataja, kwani ndiyo yaliyonisukuma kuishika kalamu hii.

La kwanza ni lawama. Anayemwambia mtoto kwamba mawazo mema huleta mema, humwambia pia, apende asipende, kwamba mabaya yaliyompata aliyaita mwenyewe. Fikirieni mwanafunzi aliyekosa majuma manne ya masomo kwa sababu ya karo. Fikirieni mwingine anayesoma kwa koroboi, au msichana anayetembea mwendo mrefu kuteka maji kabla ya kwenda shuleni. Watoto hawa wakipata alama duni, je, tuwaambie kwamba hawakufumba macho sawasawa? Huo ni ukatili uliovishwa vazi la matumaini. Mkono mtupu haulambwi. Kizuizi cha mtoto kikiwa ndani yake, tumfunze kukishinda. Kikiwa nje yake, ni wajibu wa wazazi, walimu, wakuu wa elimu na wote wenye uwezo kukiondoa, na hapana taswira itakayotupunguzia wajibu huo.

La pili ni kutumia shukrani kuziba vinywa. Nimewahi kusikia wanafunzi waliolalamika kwamba paa la bweni linavuja wakijibiwa kwamba washukuru wana paa. Hiyo si shukrani. Ni amri ya kunyamaza. Tumtazame marehemu Profesa Wangari Maathai. Alipoupokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, alikikumbuka kijito cha karibu na kwao alichoteka maji akiwa mtoto, na jinsi alivyocheza na mayai ya vyura majini. Alikithamini kijito hicho. Na kwa kuwa alikithamini, hakukaa kimya kilipokauka. Mwaka wa 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, akina mama wakapanda miti kwa mamilioni. Mwaka wa 1989 alipinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, akatukanwa na kudhihakiwa na wakubwa wa wakati huo, lakini jumba halikujengwa. Aliona akilini bustani ambayo watoto wangechezea, akavitaja vizuizi kwa majina yao, akaandika barua, akaenda mahakamani, akasimama. Huyo alikuwa na taswira, matumaini na shukrani, vyote vitatu, na hakuna hata kimoja kilichomfanya aketi.

Kwa hivyo ningependa kutoa rai kwa walimu wenzangu. Siku ya maombi na iendelee, maana binadamu haishi kwa jasho peke yake. Lakini badala ya kumlipa mgeni awafumbishe watoto macho, tutenge dakika kumi kila Jumatatu asubuhi tuwafumbue. Kila mwanafunzi aandike daftarini mwake jambo moja aliloshukuru juma lililopita, na amtaje aliyemtendea. Aandike lengo moja la juma linaloanza, kizuizi kimoja kilicho ndani yake, na sentensi moja ya atakachofanya kizuizi hicho kikizuka. Mwenye kizuizi asichokiweza, kama vile karo au ugonjwa, akiandike pia, na mwalimu akisome, kwa maana hapo ndipo kazi ya mtu mzima inapoanzia.

Nanyi wanafunzi, nawasihi msiache kuota. Aliyewaambia kwamba ndoto ni za matajiri aliwadanganya. Ila mnapoota, msikimbilie siku ya matokeo. Jioneni mkiwa mezani saa mbili za usiku, swali la nne limewashinda, kichwa kinauma, rafiki anawaita nje. Jioneni mkikataa wito huo, mkilirudia swali tangu mwanzo, na asubuhi mkimfuata mwalimu na karatasi mkononi. Kisha inukeni mkafanye hivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.